Kwa Nini Injini ya Sataranji Imechagua Hatua Hiyo? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumamosi nakaa na vijana wanaojifunza sataranji, na swali linalorudi ni lile lile. Mtoto amemaliza mchezo, amefungua simu, mshale umechorwa kumpeleka farasi pembeni mwa ubao, naye anauliza: "Mwalimu, huyu farasi anakwenda kufanya nini kule?" Injini, yaani programu ya kompyuta inayochambua mchezo, imempa jibu, sababu haikumpa. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa zaidi na namna ninavyoyajibu. Nikisema askari nina maana ya kitunda, ile kete ndogo ya mstari wa mbele. Shaha ni mfalme kutishiwa, na mati ni mfalme kufungwa akakosa pa kukimbilia. Herufi na namba kama e4 ni jina la mraba: herufi ni safu, a mpaka h kuanzia kushoto kwa nyeupe, na namba ni mstari, 1 mpaka 8 kuanzia upande wa nyeupe.

Injini yenyewe inajua kwa nini imechagua hatua hiyo?

Haijui kwa namna unayojua wewe. Wewe ukihamisha farasi una neno moyoni: namtisha malkia, namzibia askofu njia. Stockfish, injini inayotumika zaidi duniani, haina neno la namna hiyo ndani yake. Inajaribu hatua moja, inajaribu majibu ya mpinzani, kisha majibu ya majibu hayo, mpaka inafika mahali pa kusimama. Pale inautazama mkao wa kete na kuupa namba. Hatua inayoacha namba nzuri kuliko zote, hata mpinzani akijitetea kwa nguvu zake zote, ndiyo inayopendekezwa.

Kwa hiyo "kwa nini hii?" ni swali ambalo injini haina pa kulijibia. "Kwa nini si ile niliyoitaka mimi?" inalijibu vizuri sana, tena kwa ushahidi. Vijana wangu wote wanaanzia hapo.

Basi sababu nitaipata vipi?

Cheza hatua uliyoitaka wewe, uone injini inavyoiadhibu. Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu ukiuelewa huu utaweza kujifanyia mwenyewe siku zote. Toa ubao, upange kete.

Nyeupe anasogeza askari e4, nyeusi e5. Farasi mweupe f3, farasi mweusi c6. Askofu mweupe c4, farasi wa pili wa nyeusi f6. Sasa nyeupe anamrusha farasi wake mpaka g5. Farasi na askofu wote wawili wanaielekea f7, mraba ambao mlinzi wake ni mfalme peke yake. Nyeusi anaziba njia ya askofu kwa askari d5, na nyeupe anamla kwa askari wa e4. Zamu ya nyeusi.

Karibu kila anayeanza hunyoosha mkono kwa farasi wa f6 ili amle yule askari wa d5. Ameliwa askari, anataka kumrudisha, na farasi anakaa katikati ya ubao. Ni wazo zuri kabisa kwa macho. Injini inasema hapana: farasi wa c6 aende a5. Pembeni kabisa, mahali ambapo sisi waalimu tunawakataza kumpeleka farasi tangu siku ya kwanza.

Usibishane na mshale. Mle yule askari wa d5 kwa farasi, kama ulivyotaka, kisha tazama injini inampa nyeupe nini. Inaweza kukuonyesha askari d4 kwanza, au moja kwa moja farasi wa g5 anakula f7 na kujitoa kafara. Fuata hii ya pili. Farasi yule amewashika malkia na ngome kwa pamoja, kwa hiyo mfalme hana budi kumla. Malkia mweupe anaruka f3, shaha. Hapo simama, mtazame farasi wako wa d5: askofu anamtaka, malkia anamtaka. Mfalme akirudi nyumbani, farasi huyo amekwenda. Akitaka kumlinda, inabidi apande e6. Nyeupe anamtoa farasi wake mwingine c3, na sasa d5 inashambuliwa na watatu. Mfalme wako amesimama katikati ya ubao mchezo ukiwa haujafika hata hatua ya kumi, na maaskofu wako hawajatoka.

Sasa rudisha kete, umtazame tena farasi wa a5. Anamgusa nani? Askofu wa c4. Vitisho vyote vya f7 na d5 vilikuwa vinapita kwa askofu yule. Nyeupe sasa lazima amhangaikie: kwa kawaida anatoa shaha b5, nyeusi anaziba kwa askari c6, askari wanaliana, askofu anarudi nyuma. Nyeusi yuko nyuma kwa askari mmoja, lakini farasi mweupe wa g5 atafukuzwa, kete nyeusi zinatoka upesi, na namba ya injini haiko mbali na sifuri.

Sababu umeipata, na umeipata kwa maneno yako: farasi amekwenda pembeni kumwondoa askofu, kwa sababu kula d5 mapema kunamleta mfalme uwanjani. Injini haikusema sentensi hiyo popote. Iliweka mezani mfalme wa e6, basi.

Ile namba, kama +1.5, ina maana gani?

Asili yake ni hesabu ya kete. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1950 kuhusu kompyuta na sataranji, alitumia thamani ambazo wachezaji wanazijua mpaka leo: malkia 9, ngome 5, askofu 3, farasi 3, askari 1, kisha akaongeza pointi ndogo kwa mambo kama uhuru wa kete kutembea na askari waliokaa vibaya. Kwa hesabu ya namna hiyo, +1 ilikuwa sawa na kusema "nyeupe amezidi askari mmoja, au kitu chenye thamani hiyo."

Siku hizi Stockfish inaisoma tofauti. Tangu toleo la 15.1, la Desemba 2022, namba imepangwa ili +1.00 iwe na maana kwamba injini ikicheza na injini yenye nguvu sawa, upande huo una nafasi ya nusu kwa nusu ya kushinda. Ndiyo maana utaona +1.2 wakati kete ziko sawa kabisa ubaoni. Usitafute askari aliyepotea. Tafuta mfalme asiye na ulinzi, au kete isiyo na pa kwenda.

Tofauti ndogo ziache. Hatua ya kwanza ikiwa +0.31 na ya pili +0.24, usikae saa nzima ukitafuta sababu ya kupendelea ile ya kwanza. Huenda ukisubiri dakika moja zitabadilishana nafasi.

Chini ya mshale kuna mstari mrefu wa hatua. Ule ndio mpango wake?

Ule ni mlolongo ambao pande zote mbili zinacheza vizuri kadiri injini inavyoona. Na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kitu kinachoifanya hatua iwe nzuri mara nyingi hakimo kwenye mstari huo.

Chukua mtego wa zamani, maarufu kwa jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18. Nyeupe e4, nyeusi e5. Farasi f3, askari d6. Askofu c4, na askofu mweusi anakuja g4 kumbana farasi mbele ya malkia. Nyeupe anatoa farasi wa pili c3, nyeusi anasogeza askari g6. Injini inamwambia nyeupe: farasi wa f3, yule yule aliyebanwa, ale askari wa e5. Malkia ameachwa wazi!

Mtoto anasoma mstari akitegemea kuona malkia akiliwa. Haoni. Anaona, kwa mfano, nyeusi akimla farasi kwa askari wa d6, malkia mweupe akimla askofu wa g4, na nyeupe akibaki amezidi askari mmoja. "Kwa hiyo ni askari mmoja tu?" Ndiyo, kwa sababu mpinzani mwenye busara hamgusi malkia. Mle uone: askofu wa g4 anamla malkia, askofu mweupe anakula f7 shaha, mfalme anapanda e7, farasi wa c3 anaruka d5. Mati. Miraba mingine imezibwa na kete za mfalme mwenyewe, iliyobaki inalindwa na kete nyeupe.

Injini haionyeshi mati ile kwa sababu imekwisha kumwepusha nyeusi nayo. Sababu ya hatua iko kwenye njia ambayo mpinzani ameikataa. Kwa hiyo ukisoma mstari, kila mpinzani anapofanya jambo la ajabu, mchezee jambo la kawaida badala yake, ufuate.

Imependekeza hatua isiyomtisha yeyote. Nitazame nini?

Tazama mpinzani alikuwa anataka nini. Jifanye umeipisha zamu: upande wako haukucheza kitu, mpinzani anacheza mara mbili. Kwenye tovuti ya sataranji ya Lichess, ukiwa katika ukurasa wa uchambuzi, bonyeza herufi x kwenye kibodi, itakuchorea tishio la mpinzani. Mara nyingi utagundua kwamba askari wa pembeni aliyesogea hatua moja alikuwa anaziba mraba ambao kete ya mpinzani ilikuwa inauvizia.

Kama hakuna tishio, jiulize ni kete yako ipi iliyokuwa haina kazi. Injini za leo zinapenda sana kuhamisha kete mbaya kwenda mahali pazuri bila haraka. Wanaocheza bao wanalifahamu jambo hili: si kila zamu ni ya kula.

Kwa nini inabadilisha mawazo? Ilisema hii, nimetazama pembeni kidogo imesema ile.

Kwa sababu imeona mbali zaidi. Injini hutafuta kwa awamu, kila awamu ikichimba kina kirefu kuliko iliyotangulia, na kila inapomaliza awamu inakupa jibu ililonalo. Ukubwa wa kazi yenyewe unashangaza. Mwanzo wa mchezo nyeupe ana hatua 20. Nyeusi akijibu, njia ni 400. Nyeupe akicheza tena zimefika 8,902, na nyeusi akijibu mara ya pili, 197,281. Hapo kila mmoja amecheza mara mbili tu.

Hakuna kompyuta inayoweza kupitia yote, kwa hiyo injini inakata matawi. Ikishapata jibu moja la mpinzani linaloifanya hatua yako iwe mbaya kuliko nyingine iliyokwisha kuijua, inaiacha hapo hapo na haitafuti jibu la pili. Jibu moja linatosha kuikataa hatua. Matawi mengine inayatupa kwa kukisia tu kwamba hayana kitu, na ndiyo maana mara chache inarudi baadaye na kukuta dhahabu ilikuwa pale.

Kuna ugonjwa wa zamani unaoitwa athari ya upeo wa macho, jina alilolitoa Hans Berliner miaka ya 1970. Injini ikiona msiba unakuja hatua ya tisa, na yenyewe haioni zaidi ya hatua tisa, inaweza kutupa askari hapa na pale ili kuusogeza msiba nje ya macho yake, kana kwamba imeukwepa. Za siku hizi zimepona kwa sehemu kubwa, kwa sababu hazisimami kuhesabu katikati ya kulana. Zinaendelea mpaka vumbi litulie. Hata hivyo, simu ya kawaida ikikupa jibu baada ya sekunde mbili, iache ifikiri kabla hujaanza kutunga sababu.

Stockfish inasema hivi, Leela inasema vile. Nimwamini nani?

Zote mbili ni hodari kuliko mwanadamu yeyote, lakini hazifikiri kwa njia moja. Leela Chess Zero ilianza mwaka 2018, ikifuata nyayo za AlphaZero, programu ya kampuni ya DeepMind iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake. Katika ripoti ya AlphaZero ya mwaka huo, yenyewe ilikuwa ikitazama mikao kama 60,000 kwa sekunde, na Stockfish waliyoshindana nayo ilitazama kama milioni 60. Mmoja anachagua pa kutazama, mwingine anatazama mno.

Zikigombana kuhusu hatua mbili zenye namba karibu sawa, jua kwamba zote mbili zinachezeka, na chagua ile unayoielewa. Zikigombana sana, cheza mlolongo wa moja ukiwa umeiwasha nyingine. Baada ya hatua tano au sita kwa kawaida moja inakubali.

Ni kweli zamani injini zilikuwa zinaeleweka zaidi?

Kwa kiasi, ndiyo. Kabla ya 2020 Stockfish ilihesabu ubora wa mkao kwa kanuni zilizoandikwa na watu: usalama wa mfalme, uhuru wa kete, askari waliopita (wasio na askari wa mpinzani wa kuwazuia mbele), nafasi. Ulikuwa unaweza kuiamuru ichapishe jedwali na kuona kila kimoja kimechangia kiasi gani. Septemba 2020, toleo la 12 lilileta mtandao wa neva, yaani mfumo wa hesabu unaojifunza kwa mifano, wa aina ya NNUE, uliobuniwa na Yu Nasu kwa ajili ya shogi, sataranji ya Kijapani. Nguvu ikapanda sana, na mwaka 2023 kanuni zile za mkono zikaondolewa kabisa. Namba ya leo inatoka kwenye mamilioni ya uzito uliofundishwa kwa mifano, na hakuna safu iliyoandikwa "usalama wa mfalme."

Lakini hata zamani watu walidanganyika kuhusu sababu. Mei 1997 mjini New York, katika mchezo wa sita na wa mwisho kati ya Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa wakati huo, na Deep Blue, kompyuta ya IBM, mashine ilimtoa farasi kafara kwenye e6 katika hatua ya nane. Kasparov alikata tamaa baada ya hatua 19 na mechi ikaisha 3½ kwa 2½. Mashine ilikuwa na uwezo wa kutazama mikao milioni 200 kwa sekunde, lakini kafara ile haikutoka huko. Ilikuwemo kwenye hazina yake ya funguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo zilizohifadhiwa tayari, imewekwa na watu. Kwa hiyo ukiona injini imecheza papo hapo mwanzoni mwa mchezo, uliza kwanza kama imefikiri au imekumbuka.

Mbona imemtoa malkia bure?

Tazama kama kuna mati inayokuja. Upande unaofungwa huchagua njia ndefu zaidi ya kufa, na kumtupa malkia kunaweza kuongeza hatua mbili. Kwako hakuna somo hapo, pita.

Na kete zikibaki chache kabisa?

Hapo sababu inakwisha. Kuna majedwali ya miisho ya mchezo, kama ya Syzygy, yenye jibu kamili la kila mkao wa kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo. Injini haitafuti tena, inasoma. Majedwali ya kete saba yaliyotengenezwa kwenye kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Moscow yalifichua mkao ambao mati inahitaji hatua zaidi ya 500. Nimepitia sehemu yake, na kwa mamia ya hatua sikuona mpango wowote ninaoweza kuutaja kwa jina. Kete zinazunguka, kisha zinazunguka tena, na kila hatua ni sahihi. Ukikutana na kitu cha namna hiyo usijilaumu. Jifunze miisho ya ngome na askari, hiyo ina maelezo.

Je, nicheze kila inachopendekeza?

Kuna mikao ambayo injini inaiita 0.00 kwa sababu imeona hatua nane mfululizo ambazo kila moja ni ya pekee, ukikosa moja umekwisha. Kwake ni sare. Kwako, saa ikiwa imebaki dakika tatu, ni kupoteza. Washa mistari mitatu au minne badala ya mmoja. Kama hatua ya kwanza ni nzuri na zilizobaki zote ni mbaya sana, uko kwenye kamba nyembamba, na ni afadhali urudi nyuma kutafuta ni wapi ungeweza kukwepa mkao wenyewe.

Kuna injini inayoitwa Maia, iliyotoka mwaka 2020, ambayo haikufundishwa kutafuta hatua bora. Ilifundishwa kukisia hatua ambayo mtu wa kiwango fulani angecheza. Naitumia kuangalia kama kosa la kijana ni la kawaida kwa wenzake au ni lake peke yake.

Nimeuliza programu ya akili mnemba inayoongea, ikanieleza vizuri sana. Inatosha?

Ipeleke ubaoni kwanza. Programu hizo zinaandika maelezo mazuri hata pale zisipoona kete ziko wapi. Nimeletewa maelezo yanayosifu hatua kwa "kufungua njia ya ngome" wakati askari wa upande huo huo bado amesimama mbele ya ngome ile. Kila sababu iwe na hatua za kuionyesha. Isipokuwa nazo, iache.

Kuna watu wanaojaribu kuzitoa sababu ndani ya injini?

Wapo, na kazi yao inanipa moyo. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti, bingwa wa zamani wa dunia Vladimir Kramnik akiwa miongoni mwa waandishi, uliochungulia ndani ya mtandao wa AlphaZero. Walikuta mambo mengi ambayo wanadamu wanayatambua, kama hesabu ya kete, yakijitokeza humo wakati wa kujifunza, ingawa hakuna aliyeyafundisha. Mwaka uliofuata watafiti, wengi wao wa kundi lile lile, walichomoa mawazo ambayo yanaelekea kuwa ya AlphaZero yenyewe, wakayageuza mafumbo ya ubaoni, wakawapa magrandimasta wanne, wachezaji wa cheo cha juu kabisa. Wote wanne walifanya vizuri zaidi baada ya kufundishwa. Walifundishwa kwa mikao, mmoja baada ya mwingine.

Nifungue injini lini baada ya mchezo?

Baada ya kuandika ulichokuwa unafikiri. Vijana wangu wana daftari lenye safu tatu: hatua niliyocheza na sababu yangu, hatua ya injini, na kilichotokea nilipoifuata yangu mpaka mwisho. Safu ya tatu inajazwa kwa kusogeza kete kwa mkono, si kwa kutazama mshale. Binti mmoja wa miaka kumi na moja aliufikia ule mkao wa farasi wa a5 mwezi uliopita. Safu ya kwanza aliandika, "Nimekula d5, nirudishe askari wangu." Ya pili, "Farasi a5." Ya tatu ilimchukua karibu nusu saa, akifuta na kuandika tena, na mwishoni palikuwa na maneno manane: "Mfalme wangu alifika e6 na hakuweza kurudi nyumbani."